Wanachama Wasiougua

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa tatu asubuhi, Zuena binti Mwinjuma alitandika mkeka kibarazani kwake Temeke, akaweka juu yake kopo la biskuti na daftari, na wanachama wa Chama cha Kuuguzana wakaanza kuja na sumuni zao, senti hamsini kila mtu. Ulikuwa mwaka 1951. Wanachama walikuwa sitini na wawili: makuli wa bandarini, madobi, wapishi wa Wazungu, wauza samaki, fundi cherehani mmoja, na mzee mmoja ambaye hakuna aliyeijua kazi yake lakini alilipa. Mtu akiugua, chama kilimpa shilingi kumi na tano, na wanawake wawili wa zamu walikwenda kumpikia uji. Akiugua tena mwaka huohuo, alipata uji peke yake.

Zuena alikuwa mshika fedha kwa sababu alikuwa mjane, na watu waliamini kwamba mjane hawezi kudanganywa mara mbili. Siku za kazi alikaanga mihogo kwenye lango la ghala la magunia, barabara ya Kilwa. Katibu alikuwa Mwalimu Wilbert, mtu wa Mahenge, aliyesomesha shule ya misheni. Katiba aliiandika mwenyewe kwa mwandiko mzuri kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kupendekeza ibadilishwe.

Mwezi wa Machi alikuja Salumu. Salumu alikuwa mume wa Zuena, na alifariki mwaka 1947 kwa homa ya mapafu, baada ya kupakua saruji siku mbili kwenye mvua. Alikuja na sanda yake, akasalimia, akakaa kwenye ncha ya mkeka kama mtu aliyechelewa mkutano. Watu husema sanda haina mfuko, na ni kweli. Sumuni yake aliishika mkononi.

"Umefuata nini, Baba Tabu?" Zuena akamwuliza.

"Nimekuja kulipa."

"Ulipokuwa hai nilikukumbusha mara tatu tatu."

"Nilikuwa na matumizi," Salumu akasema.

Mwalimu Wilbert akafungua katiba. Kifungu cha kwanza kilisema mwanachama ni mtu yeyote mkazi wa Temeke, mwenye tabia njema, anayelipa senti hamsini kwa mwezi. Makaburi yalikuwa ndani ya Temeke, kwa hiyo ukazi haukuwa na ubishi. Tabia ilijadiliwa robo saa, maana kulikuwa na watu waliokumbuka mambo. Mwishowe fundi cherehani akasema kwamba tangu Salumu afe hakuna aliyemlalamikia, na jambo likapita. Zuena akapokea sumuni, akaandika.

Aprili Salumu alikuja na wenzake sita. Mei walikuwa hamsini. Kufikia Julai walikuwa mia moja na arobaini na watatu, wamepanga mstari tangu kibarazani hadi kwenye bomba la maji, wanawake kwao na wanaume kwao. Kulikuwa na waliokufa kwa ndui, kwa nyoka, kwa uzazi. Waliokufa zamani walilipa kwa hela za shaba za enzi ya Mdachi, na Mhindi wa duka la kona alizipokea kwa kuzipima kwenye mizani kama misumari. Walikuwa wanachama wazuri. Walifika mapema, hawakubishana, hawakuomba chai. Na hawakuugua. Miezi mitano ilipita bila hata mmoja wao kudai shilingi kumi na tano.

Alasiri moja Salumu alikuwa akimsaidia mkewe kumenya mihogo, na Zuena akamwuliza kwa nini walikuwa wakilipa.

"Mie nilikufa kwa kukosa shilingi nane za sindano," Salumu akasema. "Unakumbuka."

"Nakumbuka."

"Nilidhani ni mie peke yangu. Nimefika kule nakuta karibu kila mtu ana bei yake. Huyu shilingi kumi na mbili, yule tatu. Bi Mwajabu alikosa senti sabini za mkokoteni wa kumpeleka kwa mkunga. Tukikaa tunatajiana bei. Hatuna mazungumzo mengine."

Zuena akaokota ganda nene. Alimwonyesha tu kwamba alikuwa akimenya kwa kupoteza sana.

Wakati huo binti yao, Tabu, alikuwa na uvimbe tumboni. Tabu alikuwa na miaka ishirini na miwili, ameolewa akaachika, mwanachama wa chama kama mama yake, na alifanya kazi ya uyaya kwa bibi mmoja wa Kizungu Oyster Bay. Uvimbe ulipofikia ukubwa wa ndimu hakuna aliyeuona. Ulipofikia ukubwa wa chungwa, yule bibi aliona kwamba Tabu ana mimba, akamfukuza kwa ajili ya maadili ya watoto.

Hospitalini Zuena alielezwa gharama. Daraja la tatu upasuaji haukuwa na malipo, na foleni yake ilikuwa ya miezi kumi na moja. Daraja la kwanza foleni ilikuwa ya siku nne. Daktari alikuwa mmoja na kisu kilikuwa kimoja. Tofauti ilikuwa shilingi mia mbili na arobaini.

"Na baada ya miezi kumi na moja utakuwa umefika wapi?" Zuena akauliza.

Mganga msaidizi akautazama uvimbe, akamtazama Tabu. "Mama, mie ningekuwa nyie nisingengojea nijue."

Zuena akaanza kutafuta. Alimwendea mganga mmoja Chamazi, aliyetaka mbuzi mweusi na shilingi thelathini, na ambaye kwa uaminifu alisema uvimbe ataweza kuuhamisha ila hawezi kuahidi utahamia kwa nani. Alimwendea msimamizi wa ghala, aliyekula mihogo yake kila siku kwa miaka mitatu, naye akampa pole. Kisha akahesabu fedha za chama. Zilikuwa shilingi mia nne na sita, nyingi zikiwa za marehemu. Mwalimu Wilbert akasema Jumapili angeleta hoja mkutanoni kwamba chama kimlipie Tabu gharama zote, na kwamba haoni ni nani angepinga.

Alhamisi kabla ya Jumapili hiyo akaja Gozbert.

Gozbert alikuwa kijana wa Bukoba, wakala wa Kampuni ya Bima ya Nanga Njema, yenye ofisi mjini ghorofani. Alikuja kwa baiskeli, amevaa tai, miguu ya suruali ameibana kwa vibanio. Kwa miaka miwili alijaribu kuuza bima ya ugonjwa Temeke kwa shilingi tano kwa mwezi, na aliuza moja tu, kwa mtu aliyedhani ni bahati nasibu. Sasa alikuwa amesikia habari za wanachama wapya, akaomba kuliona daftari.

"Hawa wote ni marehemu?" akauliza.

"Mia moja na arobaini na watatu," Zuena akajibu.

"Na wanalipa?"

"Kuliko wazima."

Gozbert akavua kofia. "Mama, Meneja wangu amekuwa akiwaota watu wa namna hii tangu alipoingia nchini."

Akachuchumaa, akachora duara kwenye mchanga, akaeleza bima. Walio wazima wengi wanachanga kidogo kidogo, na mgonjwa mmoja analipiwa. Kadiri wasiougua wanavyokuwa wengi, ndivyo bei inavyoshuka. Kwa kuwa Temeke ilikuwa na wasiougua wengi kuliko mahali pengine popote alipopata kupasikia, kampuni ingekichukua chama kizima kwa sumuni ileile, na kila mwanachama angelipiwa ugonjwa wowote hadi shilingi mia tatu, daraja la kwanza, na shuka mbili.

"Sie tunafanya hivyohivyo kwa kopo la biskuti," Zuena akasema.

"Ndiyo, mama. Lakini sie tuna ofisi."

"Na aliyekwisha kuanza kuugua?"

"Atalipiwa," Gozbert akasema. Aliamini alichosema. Meneja alikuwa amemwambia hivyo kati ya chai na chakula cha mchana.

"Na wewe umekata bima hiyo?"

Gozbert akafuta duara kwa kiatu. "Mie wakala tu, mama. Wafanyakazi Waafrika bado hawajafikiriwa."

Baadaye Zuena alisema kwamba hapo ndipo alipopaswa kusimama na kumfukuza. Lakini mwenye binti mwenye uvimbe akitajiwa shilingi mia tatu, masikio yake hujaa, maneno mengine hayapati pa kuingia. Zaidi ya hayo alipenda kwamba fedha za chama zingebaki kwa ajili ya wengine.

Jumapili kampuni ilileta pilau. Mkataba ulikuwa kurasa kumi na mbili za Kiingereza na ukurasa mmoja wa Kiswahili. Mwalimu Wilbert alisoma ule wa Kiswahili mara mbili kwa sauti, kisha akaanza zile za Kiingereza, akafika ukurasa wa nne pilau likaiva. Wanachama wengine walisitasita. Mzee asiyejulikana kazi yake aliuliza kwa nini lugha moja ilihitaji karatasi nyingi hivyo kusema jambo lilelile. Zuena akasimama. Hakuwa na mazoea ya kusimama mkutanoni, na kwa sababu hiyo watu walinyamaza.

"Nyie mnanijua," akasema. "Sijawahi kupoteza hata senti tano yenu. Naomba tukubali."

Wakakubali. Wazima waliweka vidole kwa wino. Marehemu wino haukuwashika, wakaacha alama za udongo, na Gozbert akaandika pembeni kwamba zimetambuliwa. Shilingi mia nne na sita zikahesabiwa zikatiwa kwenye mfuko wa ngozi. Ziliitwa kiingilio.

Jumatatu Zuena na Tabu walikwenda mjini kwa miguu, wakajaza fomu. Jibu lilikuja siku ya tisa. Kampuni ilisikitika. Uvimbe ulianza kabla ya mkataba, na ukurasa wa saba ulisema magonjwa yaliyotangulia mkataba ni mali ya mgonjwa mwenyewe.

Barua ya pili ilifuata baada ya wiki. Kampuni ilikuwa imechunguza daftari na kugundua kwamba wanachama walio hai wana mwelekeo wa kuugua. Mwezi uleule wanne walikuwa wamepata homa na mmoja ameangukiwa na gunia. Mwelekeo huo uliwadhulumu wanachama marehemu, ambao walichanga bila kudai. Kwa haki, basi, wanachama wote walio hai walikuwa wamefutwa kuanzia tarehe ya barua. Marehemu wangeendelea. Kiingilio hakirudishwi.

Mwalimu Wilbert aliisoma barua hiyo kibarazani, na alipofika mwisho akaikunja sawasawa na mikunjo yake ya mwanzo.  Watu walimtazama Zuena, kisha wakatazama miguu yao, kisha wakaondoka mmoja mmoja. Fundi cherehani alirudi kuomba kopo la biskuti, maana lilikuwa lake.

Kwa siku tatu Zuena hakukaanga mihogo. Alilala ameelekea ukutani. Tabu alimletea chai, akakaa kitandani pembeni yake, mkono juu ya tumbo, kama mtu aliyebeba tikiti la mwenziwe.

"Mama, amka unipikie. Mie ndiye mgonjwa," akasema.

"Nimeuza wazima na wafu kwa siku moja, mwanangu."

"Na pilau ulilila?"

"Halikupita."

"Basi hukulipwa," Tabu akasema. "Amka."

Akaamka. Uani alimkuta Salumu, amekaa kwenye kinu. Zuena hakuweza kumtazama.

"Mie nami niliweka kidole," Salumu akasema. "Hukunishika mkono. Kesho tunakwenda kujitoa."

Jumamosi marehemu mia moja na arobaini na watatu walishika njia ya mjini, wakapanda ngazi za Nanga Njema. Karani wa mlangoni aliwaomba wajikung'ute udongo kabla ya kukanyaga zulia, wakajikung'uta. Meneja aliwapokea kwa heshima. Gozbert akafasiri.

"Kifungu cha kumi na tisa," Meneja akasema. "Mkataba unakwisha mwanachama anapofariki."

"Sie tumekwisha kufariki," Salumu akasema.

"Kabla ya kuweka sahihi. Kifungu kinahusu kifo kinachofuata sahihi."

Marehemu wakatazamana. Salumu akauliza kama inawezekana kufa tena. Meneja akasema kwamba kampuni haina kipingamizi, ilimradi uletwe waraka wa daktari. Hakuna aliyejua daktari wa kazi hiyo anapatikana wapi.

"Na tusipolipa?"

"Mtakuwa mnadaiwa," Meneja akasema.

Hapo mazungumzo yakaisha. Kila mtu Temeke anajua kwamba maiti haogopi polisi, haogopi mbwa, wala haogopi Mzungu, lakini deni linamshika. Hata kabla ya kuzikwa huulizwa nani anamdai. Marehemu wakashuka ngazi, na kwenye dirisha la chini kila mmoja akaacha sumuni yake ya mwezi. Lilikuwa dirisha jipya. Wazungu walikuwa na lao lenye kiti, Wahindi lao lenye feni. La marehemu lilitobolewa upande wa nje, juani.

Wiki hiyo Zuena aliuza bati za nyumba. Zilikuwa ishirini na nane, na mwenye kujenga ghala jipya alizichukua kwa shilingi mia mbili na hamsini, akaziteremsha mwenyewe. Siku ya nne Tabu alipasuliwa, daraja la kwanza, shuka mbili. Uvimbe ulikuwa na uzito wa ratili nne. Daktari, mtu mchangamfu, aliutia kwenye chupa ya dawa ili awaonyeshe wageni wake, akamletea Tabu autazame.

"Na chupa imo kwenye mia mbili na arobaini?" Tabu akauliza.

Ilikuwa imo.

Alirudi nyumbani baada ya siku kumi, amekonda, anatembea ameinama kidogo, anacheka kwa tahadhari kwa sababu ya nyuzi. Nyumba haikuwa na paa. Walilala wakitazama juu, na mvua za vuli zilipokaribia walihamisha kitanda kutoka pembe hadi pembe. Shilingi kumi zilizobaki Zuena alinunulia makuti, nayo yakatosha nusu. Salumu akayapandisha. Hakuhitaji ngazi imara, maana alianguka mara mbili na hakuna kilichotokea. Alifunga makuti Jumatatu hadi Ijumaa, polepole, vibaya, na Zuena alisimama chini akimwambia wapi kunavuja. Jirani waliopita walimwamkia juu ya paa, naye akawaitikia.

Chama kikaanza upya na sumuni, shilingi kumi na tano na uji. Kwenye uchaguzi wa mshika fedha Zuena alijitoa, akasema hastahili. Mzee asiyejulikana kazi yake akasema yeye angemchagua Zuena, kwa sababu Zuena amekwisha kukosea na wengine bado. Wakamrudisha. Fundi cherehani hakupiga kura, lakini alileta kopo.

Gozbert alipandishwa cheo, akatumwa kufungua matawi kwenye makaburi ya Kawe na Gongo la Mboto. Huko Gongo la Mboto alinyeshewa, akapata homa, na kampuni ikamkata siku sita za mshahara. Alikuwa amelipa sumuni mbili za chama kwa Zuena, kwa jina la mama yake mwenyewe, ili kampuni isijue. Wanawake wawili wa zamu wakaenda kumpikia uji. Mmoja wao alitia chumvi nyingi kwa makusudi, na Gozbert akala wote.

Mwezi wa Desemba, asubuhi, Gozbert alipita kwenye lango la ghala kununua mihogo, akamsomea Zuena taarifa ya mwaka ya kampuni iliyotoka gazetini. Barabarani marehemu walikuwa wakielekea mjini kwa mstari, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi ya kwanza. Salumu alikuwa wa kumi hivi, na makuti kwenye nywele.

Taarifa ilisema kwamba katika nchi nzima hakuna mahali penye afya kama Temeke. Kati ya wateja mia moja na arobaini na watatu, hakuna hata mmoja aliyeugua mwaka mzima. Meneja alihusisha matokeo hayo na hewa safi na utaratibu mzuri wa kampuni, na alitarajia kupewa nishani.

Zuena akageuza mihogo, akaitoa kwenye mafuta.

"Na sie?" akauliza.

Gozbert akapitisha kidole kwenye gazeti, mstari kwa mstari, hadi chini.

"Nyie hammo, mama."

Zuena akamfungia vipande vitatu kwenye kipande cha karatasi, akanyunyiza pilipili, akanyoosha mkono apokee. Bei ilikuwa senti kumi.